Vyeti vya shule mtaani: maswali ambayo familia za Eastlands, Nairobi, huuliza mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila Januari, watoto wakienda shule, na kila mara kampuni fulani ya Industrial Area inapobandika tangazo la kazi langoni. Yamejibiwa kwa ajili ya mtu wa Kayole, Dandora, Mathare, Kariobangi au Mukuru ambaye pesa ya nauli huihesabu kabla ya kutoka nyumbani. Msimamo wangu nautoa mapema: nyumba nyingi za kipato kidogo zina kisomo kingi kuliko zinavyodhaniwa. Kinachokosekana ni karatasi. Imekwama kabatini shuleni, ina jina lisilolingana na kitambulisho, au kazi ya mikono haijawahi kutahiniwa na yeyote. Kwa hiyo kabla hujalipia kozi mpya, kadai kwanza kile ulichokwisha kukihangaikia.

Je, ni kweli watu wa mitaa hii hawakusoma?

Ingia ploti yoyote ya Kayole yenye choo kimoja na milango kumi na kitu, ubishe mlango kwa mlango. Shosho wa kibanda cha mboga ana CPE, mtihani wa enzi kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Jirani yake anafulia watu nguo Donholm. Aliishia Kidato cha Pili alipopata mimba. Mlango wa tatu kuna kijana wa mjengo mwenye D+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Na kule mwisho, karibu na tangi la maji, yuko mwenye diploma ya uhasibu anayeendesha bodaboda, tena hataki uhasibu utajwe mbele yake.

Shida ilianzia mbali. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, madarasa ya shule za umma za Eastlands yalifurika, na shule mpya hazikujengwa kwa kasi ya watu kuhamia. Pengo hilo likazibwa na shule ndogo za binafsi za mabati, zile serikali inazoziita za APBET, yaani za elimu mbadala. Nyingine zina walimu hodari kuliko unavyodhani. Lakini shule isiyosajiliwa kuwa kituo cha mtihani huwapeleka watahiniwa wake kufanyia mtihani shule nyingine, na hapo ndipo cheti hupotelea: mtoto akirudi baada ya miaka kadhaa, hajui akiulize wapi. Kama mwanao anasoma shule ya aina hiyo, andika leo jina la kituo na namba yake ya mtihani mahali ambapo mvua haifiki.

“Leaving”, karatasi ya matokeo na cheti: si kitu kimoja?

Hapana, na mkanganyiko huu umewakosesha watu kazi. “Leaving” huandikwa na shule yenyewe. Inasema ulisoma hapo kutoka mwaka fulani hadi mwaka fulani na tabia yako ilikuwaje. Karatasi ya matokeo ni ya muda. Hutumika kuombea chuo huku cheti kikingojewa. Cheti chenyewe hutolewa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, na hupelekwa shuleni au kituoni ulikofanyia mtihani, nawe ukakichukue kwa kutia sahihi. Mwajiri akisema “leta cheti”, anataka hicho cha tatu.

Kuna jambo moja dogo. Watu wakishakipata hukikimbiza saiba kikafunikwe plastiki. Usifanye hivyo. Ofisi inayotaka kupiga muhuri haiwezi kuupiga juu ya plastiki, na alama za usalama za karatasi hazipapasiki tena. Bahasha ngumu inatosha.

Nina deni la karo na shule imekataa kunipa cheti. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni sheria. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inasema cheti cha mtihani hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Haisemi “isipokuwa kama kuna deni”. Mawaziri wa Elimu wamewaagiza walimu wakuu waviachilie vyeti, tena zaidi ya mara moja, na kurudiwa kwa agizo kunakuonyesha lilivyotiiwa.

Upande wa pili ni kwamba deni halifutwi. Shule ina haki ya kudai pesa zake kwa njia nyingine, ila cheti si dhamana. Mwalimu mkuu naye ana mzigo wake: serikali hupanga kutoa Sh 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na chakula cha mchana hakimo humo. Pesa hizo zikichelewa, aliyekopesha maharagwe anamdai yeye. Nasema haya si kumtetea, bali ujue unazungumza na mtu wa namna gani utakapofika ofisini kwake.

Basi nenda mwenyewe, na kitambulisho, na ikiwezekana mzazi. Asubuhi, siku isiyo ya mitihani. Usianze kwa kutaja sheria. Omba kwanza taarifa ya deni kwa maandishi, maana mara nyingine unakuta deni lenyewe ni dogo kuliko ulivyoambiwa kwa simu, au basari iliingia baada ya wewe kuondoka na haikuandikwa. Toa mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa ya shule. Zipo shule, hasa za mashambani, zinazokubali mahindi au kuni badala ya pesa. Uliza bila aibu.

Ukikataliwa, andika barua ya nusu ukurasa: jina, mwaka wa mtihani, namba yako ya mtihani, ombi la cheti, na kifungu cha 10. Acha nakala moja, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio silaha yako. Beba nakala hiyo hadi ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ilipo shule, si unapoishi wewe. Wakizungusha, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Hawatozi chochote.

Na kama kazi au chuo kinangoja wiki hii? KNEC ina huduma ya kuthibitisha matokeo: unaomba mtandaoni, unalipia, nao wanampelekea mwajiri au chuo matokeo yako moja kwa moja. Shule haihusiki hata kidogo.

Cheti changu kiliungua, au kilisombwa na mafuriko.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopita Mathare na Mukuru, na mabomoko ya nyumba za kandokando ya mito yakafuata, watu wengi walipoteza makabrasha yote kwa usiku mmoja. Anza kituo cha polisi upewe abstrakti ya kupotelewa. Kisha ingia tovuti ya KNEC, kwenye mfumo wake wa maombi uitwao QMIS, ufungue ombi. Utahitaji kitambulisho, mwaka, jina la shule na namba ya mtihani. Nakala ya cheti cha zamani ikiwepo hurahisisha mambo. Kama hukumbuki namba yako, shule huwa na daftari la watahiniwa. Usimpe mtu wa saiba nywila yako akufanyie halafu ukaondoka. Keti naye hadi mwisho.

Cheti kinasema Wanjiku, kitambulisho kinasema Njeri.

Hutokea sana: mtoto alisajiliwa shuleni kwa jina la nyumbani, au baba wa kambo akaandikisha lake. Kama majina ni yale yale ila yamepangwa tofauti, kiapo mbele ya wakili kwa kawaida hutosha. Kama jina lenyewe ni jingine kabisa, utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina. Kwa walio bado shuleni, rekebisha cheti cha kuzaliwa kabla ya usajili wa mtihani, kwa sababu KNEC husajili kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Huduma Centre kuna foleni, lakini foleni ya sasa ni nafuu kuliko ya baadaye.

Niliachia Kidato cha Pili. Naweza kufanya KCSE nikiwa na miaka 34?

Ndiyo, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Unajisajili kwenye kituo kinachokubali watahiniwa wa kibinafsi, unajilipia ada (serikali huwalipia walio shuleni tu), na utaulizwa namba yako ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na mwaka uliofanya. Masomo yasipungue saba, Kiingereza, Kiswahili na Hisabati yakiwemo.

Wanaofanya kazi mchana husoma jioni au wikendi. Kuna jambo la kukutia moyo ambalo si maneno matupu: tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja unayoifanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Zamani masomo yaliyokulemea yalikuburura chini hata kama mengine uliyaweza. Kemia ikikushinda sasa, haikuzamishi kama ilivyomzamisha kaka yako.

Angalia kalenda, lakini. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Anayetaka kurudia kwa mtaala aliousoma asilale.

Nilipata D. Nimekwisha?

Mwaka 2023 watahiniwa karibu 900,000 walifanya KCSE, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 201,133. Maana yake zaidi ya watu watatu kati ya wanne walibaki chini ya mstari wa chuo kikuu. Kama wote hao wamekwisha, basi nchi imekwisha.

Digrii hutaka C+. Diploma hutaka C-. Cheti cha ufundi hutaka D. Kozi ya fundi wa ngazi ya chini humpokea hata mwenye E. Na ngazi hizi zinaungana: ukianzia chini, ukimaliza moja, unaomba inayofuata, hadi diploma na kupita. Chini ya sheria ya mwaka 2014, sifa zote za masomo za Kenya zimepangwa kwenye ngazi kumi. Diploma ni ya 6, digrii ya kwanza ni ya 7, uzamivu ni ya 10. Safari ni ndefu, sikudanganyi. Ila mwenye D aliyepita njia ya ufundi wa umeme mara nyingi huanza kupata pesa kabla ya mwenye C+ kumaliza mwaka wa pili chuoni.

Maombi hufanywa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, hata kama mtihani uliufanya miaka mingi iliyopita. Hapa Nairobi kuna Kabete National Polytechnic na PC Kinyanjui kule Riruta. Vyuo vya ufundi vya kaunti, kama cha Waithaka au Kangemi, ni rahisi zaidi kuingia.

Mimi ni fundi wa miaka mingi. Sina hata KCPE. Kuna karatasi yangu?

Ipo, na hapa ndipo ningependa watu wangu wakae zaidi.

Mtazame fundi wa kuchomelea vyuma pale Kamukunji. Anapewa mchoro wa geti uliochorwa nyuma ya risiti. Anaupima kwa shubiri, anatia alama kwa chaki, anakata, anaunga, na geti likifika mtaa wa Utawala linaingia kwenye fremu bila kupigwa nyundo. Amefundisha vijana ambao sasa wana karakana zao. Lakini tangazo la kontrakta likisema “fundi mwenye cheti”, anapita kando. Kijana aliyetoka chuoni jana ndiye anayeingia, halafu siku ya pili anampigia simu yule yule mzee amwelekeze.

Mtihani wa mtu huyu ni ule wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo makao yake yako Commercial Street, Industrial Area. Watu huuita gredi. Unaanza na Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, kisha ya Kwanza. Kazi kubwa ni vitendo: uashi, useremala, mabomba, umeme, magari, kushona, saluni na kadhalika. Unapewa kipande cha kazi na muda, mtahini anasimama hapo. Kuna maswali ya nadharia pia, kwa hiyo jifunze majina ya vifaa na kanuni za usalama kama yanavyoandikwa, maana mafundi wengi huvijua vifaa kwa majina ya gereji tu.

Njia ya pili ni kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mpango unaosimamiwa na mamlaka ya sifa za masomo, KNQA. Hapo unakusanya ushahidi: picha za kazi zako, barua za wateja, mikataba, kisha unatahiniwa na kituo kilichoidhinishwa na kupewa cheti cha ngazi inayolingana na unachokiweza. Anza kupiga picha leo. Kila geti, kila ukuta, kila gauni la harusi. Na tarehe yake.

Mama wanaosuka nywele na kushona mitumba ya Gikomba, swali hili ni lenu pia. Sijui ni nani aliyewaambia gredi ni ya wanaume.

Kuna chuo ghorofani, juu ya duka la simu, kinachotoa diploma kwa miezi mitatu.

Diploma ya kweli haitoki kwa miezi mitatu. Uliza mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya vyuo vya ufundi? Orodha iko kwenye tovuti yao, na cheti cha usajili kinapaswa kutundikwa ukutani. Na mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Ukisikia KNEC, NITA au CDACC, baraza la kutahini kozi za ufundi, endelea kusikiliza. Ukisikia “tunatahini wenyewe”, shuka ngazi.

Rafiki ananiambia River Road wanachapisha cheti kizuri kuliko cha KNEC.

Mwache. Tume ya Utumishi wa Umma ilipokagua vyeti vya wafanyakazi wa serikali, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Wenye vyeti hivyo hufukuzwa, hushtakiwa, na tume ya kupambana na ufisadi huenda mahakamani kudai mshahara wote waliowahi kulipwa. Siku hizi waajiri huwauliza KNEC moja kwa moja.

Mtoto wangu yuko CBC. KCPE ilifutwa, sasa ana cheti gani?

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Chini ya mtaala mpya, huo wa CBC, kuna mitihani miwili: KPSEA Gredi ya 6 na KJSEA Gredi ya 9. Kundi la kwanza la KJSEA lilifanya mtihani mwaka 2025, likaingia sekondari pevu Januari 2026. Alama za kumpangia mtoto shule hukusanywa: asilimia 20 za KPSEA, 20 za kazi za darasani Gredi ya 7 na 8, na 60 za KJSEA. Kwa hiyo mtoto aliyekosa shule muhula mzima Gredi ya 7 kwa sababu ya kodi ya nyumba, amepoteza alama ambazo mtihani wa mwisho hauzirudishi. Wazazi waliozoea KCPE, ambapo mtu alijifungia miezi mitatu ya mwisho akaokoka, jambo hili linawapiga chenga.

Kwenye sekondari pevu anachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Usimchagulie kwa kuangalia mtoto wa jirani. Uliza kwanza shule ya kutwa iliyo karibu ina mikondo ipi, maana mkondo usio karibu ni nauli ya kila siku.

Pesa zitatoka wapi?

Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, iko ofisi ya mbunge, na ya kaunti hupitia wadi kwa MCA, mwakilishi wa wadi. Zote hutaka barua ya kujiunga na shule, muundo wa karo, kitambulisho cha mzazi na muhuri wa chifu. Chukua fomu siku zinapotoka. Zikiisha zimeisha, na ndugu wa mtu hupata kwanza, hili tusifichane. Aliye chuo cha ufundi cha umma anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, si wa chuo kikuu tu. Ni mkopo, utaulipa.

Nina elfu tano tu. Nianze na nini?

Kama una cheti kilichokwama, anza na hicho: nauli, barua, na kitu cha kulipa deni kidogo ili mazungumzo yaanze. Kama kiko mkononi na una ufundi, ulizia tarehe za gredi NITA na uanze kuweka akiba ya ada. Kozi ya kompyuta ya wiki nne ije baadaye.

Mama yangu hajui kusoma. Ngumbaru bado ipo?

Ipo, ingawa haitangazwi kama zamani, wakati wa kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga iliyoanza 1979. Kama anaona haya kwa umri wake, mtajie Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 huko Eldoret. Alipohamia Nairobi mwaka 2008 hakuacha. Aliendelea Shule ya Msingi ya Marura, hapa hapa Kariobangi, akiwa darasa la sita, hadi maradhi yakamzuia. Alifariki 2009.

Uliza ofisi ya chifu au ya elimu ya kaunti ndogo madarasa yako wapi. Mengi hufanyika mchana kanisani au kwenye ukumbi wa kijamii, baada ya wamama kumaliza soko la asubuhi. Anunuliwe daftari, kalamu, na miwani ya kusomea kama macho yamechoka. Wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani somo ni gumu, kumbe hawaoni ubao.